Mawese, alizeti au karanga: nani apikiwe nini

Jikoni kwetu Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuna vyombo vitatu. Cha kwanza ni dumu la lita tano la mawese mekundu, na hilo lina mwenyewe: mama mkwe, ambaye hakubali kuchaguliwa mawese na mtu, hulifuata Mwandiga yeye mwenyewe. Cha pili ni chupa ya alizeti niliyoiingiza mimi. Cha tatu ni kopo la karanga zilizotwangwa, ambazo dada yangu hunitumia kwa treni kutoka Tabora nilikozaliwa. Wengi hawalihesabu kopo hilo kuwa mafuta. Mimi nalihesabu, na nitaeleza kwa nini.

Alizeti iliingia kwa sababu ya mume wangu. Alipimwa damu, lehemu (kolesteroli, kama wengi tunavyosema) ikaonekana iko juu, akarudi nyumbani na maneno mawili ya aliyempima: "Acha mawese." Basi. Hakuambiwa ale nini badala yake, wala kama amri hiyo ni ya kwake peke yake au ya nyumba nzima yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu na bibi wa miaka sabini na kitu. Mama mkwe alilipokea neno hilo kama tusi. "Huyu mwanangu nilimlea kwa nini, kwa maji?"

Tangu hapo nimekuwa nikisoma, nikipima kwa vijiko na kuhesabu siku ambazo lita moja inakaa jikoni. Nilichogundua ni kwamba swali la "mafuta gani mazuri" halina jibu mpaka useme ni ya nani, ya chungu gani, na kiasi gani.

Kabla ya kuyatenganisha

Mafuta yote yanalingana kwa jambo moja: nguvu. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini hutoa 4. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban gramu 14, yaani kilokalori 120 hivi, iwe ni mawese mazito ya Kigoma au alizeti inayopita kwenye vidole kama maji. "Mafuta mepesi" ni neno la muuzaji. Wepesi huo ni wa mkononi. Mwilini uzito ni ule ule.

Na tusiyaonee. Mwili unayahitaji kwa kazi ambazo ugali hauwezi kuzifanya. Ukuta wa kila seli umejengwa kwa mafuta. Baadhi ya homoni hutengenezwa kutokana na lehemu hiyo hiyo tunayoiogopa, na sehemu kubwa ya lehemu ya mwilini hutengenezwa na ini lenyewe. Ubongo, ukiondoa maji, kwa sehemu kubwa ni mafuta. Halafu kuna suala la vitamini A, D, E na K, ambazo haziyeyuki kwenye maji. Mafuta yakifika utumbo mwembamba hukutana na nyongo, inayoyavunja kuwa matone madogo kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye mafuta yaliyogandamana, kisha vimeng'enya vya kongosho huyakata. Ndani ya matone hayo ndimo vitamini hizo husafiria. Kwa hiyo matembele yaliyochemshwa kwa maji na chumvi tu yanaweza kuwa na karotini tele, lakini nyingi itapita bila kupokelewa. Kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria kingeiokoa.

Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred, wanasayansi wa Marekani, waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Ngozi ya panya ikachubuka, wakadumaa, wakafa mapema. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa kuna mafuta ambayo mwili haujui kuyatengeneza, lazima yaliwe: aina moja ni ya kundi la omega-6, nyingine ya omega-3. Kumbuka majina hayo mawili, tutarudi kwayo tukifika kwa dagaa.

Sasa tofauti. Mafuta ni minyororo ya kaboni. Minyororo iliyonyooka huitwa iliyoshiba, na yenye kona huitwa isiyoshiba. Ukifunga mzigo wa kuni zilizonyooka, zinalaliana na kukaza; ukifunga matawi yenye vifundo na kona, mzigo unabaki na nafasi. Ndiyo siri ya mawese kuganda asubuhi za Juni na Julai, ambapo mama mkwe huchota kwa kijiko kama uji uliopoa, wakati alizeti iliyo pembeni yake inabaki maji. Mafuta yaliyoshiba yakizidi, huifanya damu ibebe zaidi lehemu ya aina ya LDL, ile inayojibandika kwenye kuta za mishipa. Yasiyoshiba, yakichukua nafasi ya yale yaliyoshiba, huishusha.

Haya ni makadirio ya gramu katika kila gramu 100 za mafuta:

| Mafuta | Yaliyoshiba | Yenye kona moja | Yenye kona nyingi |
|---|---|---|---|
| Mawese | 49 | 37 | 9 |
| Alizeti ya kawaida | 10 | 20 | 66 |
| Karanga | 17 | 46 | 32 |
| Samli | 62 | 29 | 4 |
| Nazi | 82 | 6 | 2 |
| Mise (ya kiini cha mchikichi) | 82 | 11 | 2 |

Ukisoma safu ya kwanza tu, kesi imekwisha: alizeti ameshinda, mawese kalala. Ndivyo aliyempima mume wangu alivyosoma, nadhani. Lakini jedwali hili halina safu ya rangi, halina safu ya moto, na halina safu ya mtoto.

Mawese mekundu

Uwekundu wa mawese ni karotini, jamaa ya ile ya karoti na maembe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese ghafi huwa na takriban miligramu 500 hadi 700 za karotini za aina mbalimbali, na kwa kuwa tayari zimo ndani ya mafuta, mwili huzipokea kirahisi kuliko zile za majani. Kijiko kimoja cha chai kwenye uji au kwenye maharage yaliyopondwa kinampa mtoto mdogo sehemu kubwa ya vitamini A ya siku. Pia kinaongeza nguvu kwenye chakula ambacho kwetu hapa mara nyingi ni muhogo, chakula kinachojaza tumbo dogo kabla hakijatosheleza mwili. Maziwa ya mama yenyewe, karibu nusu ya nguvu yake inatokana na mafuta. Mtoto chini ya miaka miwili si mtu wa kupunguziwa mafuta.

Kwa hiyo kwa mtoto wetu, mama mkwe alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba hakuhitaji kuambiwa.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wenyewe wa Kigoma tunaliharibu. Wengi wetu huyachoma mawese: yanabandikwa motoni, yanaachwa mpaka moshi ujae jiko na wekundu upotee, yawe ya njano iliyopauka, ndipo kitunguu kitiwe. Tunasema tunaondoa harufu. Tunachoondoa ni karotini. Kinachobaki ni mafuta yale yale yaliyoshiba kwa nusu, bila kile kilichoyapa heshima. Nikiulizwa ni yapi mabaya kuliko yote katika orodha hii, nitataja hayo ya kuchoma kabla ya kutaja samli. Kama harufu inakukera, nunua mawese mapya. Mawese yanayokereketa koo mara nyingi yametokana na ngazi (matunda ya mchikichi) zilizokaa siku nyingi chini zikapondeka: ndani ya tunda la mchikichi kuna kimeng'enya kinachoanza kuvunja mafuta mara tunda linapochubuka, na kinachokizima ni kulichemsha mapema. Hivyo muulize muuzaji alichemsha lini, si bei tu.

Tukiwa hapo hapo, tusichanganye mawese na mise. Mawese hutoka kwenye nyama ya tunda, mise hutoka kwenye kiini kilicho ndani ya kokwa. Ni mti mmoja, mafuta mawili tofauti kabisa. Mise ni ya sabuni, ya nywele na ya ngozi ya mtoto, na huko yanafanya kazi nzuri. Kwa kupikia, angalia jedwali. Michikichi yetu mingi ya zamani ni ya aina ya dura, yenye kokwa nene na nyama nyembamba. Ndiyo maana kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, hapa hapa Kigoma, kinazalisha miche ya tenera, iliyochanganywa ili nyama iwe nene na kokwa jembamba. Mafuta yanayotoka ni mawese vilevile. Usidanganywe kwamba ya tenera ni ya afya zaidi; ni mengi zaidi, basi.

Na kuna mawese yanayojificha. Mafuta mengi ya kula ya njano yanayouzwa dukani kwa dumu, bila jina la mbegu yoyote usoni, ni mawese yaliyosafishwa, mengi yakiwa yametoka Malaysia na Indonesia kama mafuta ghafi. Yameondolewa rangi, harufu na karotini, yakachujwa ili sehemu inayoganda ipungue. Kiasi cha mafuta yaliyoshiba kimeshuka kidogo tu. Kwa kanuni za Tanzania mafuta ya viwandani hutakiwa kuongezwa vitamini A, na hilo ni jema. Ila mtu aliyeambiwa "acha mawese" akahamia kwenye dumu hilo, amehama chumba, nyumba ni ile ile. Mume wangu alifanya hivyo wiki mbili nzima, akijisifu.

Hesabu ya dumu

Hapa ndipo niliposhtuka. Lita moja ya mafuta ina uzito wa takriban gramu 920. Sisi tuko sita, ukimhesabu na mtoto, na lita moja ilikuwa inakaa siku nne. Gawanya kwa sita, gawanya kwa nne: gramu 38 kwa kila mtu kwa siku, karibu vijiko vitatu vya chakula, kilokalori 345 kabla ya ugali kuingia mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya siku. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 22. Gramu zetu 38, zikiwa za mawese, zinabeba gramu 19 zilizoshiba. Zimebaki tatu za nyama, maziwa, mayai na andazi la saa nne. Zikiwa za karanga, ni gramu 6. Zikiwa za alizeti, ni 4.

Lakini geuza hesabu. Lita hiyo hiyo ya mawese ikikaa siku nane badala ya nne, kila mtu anapata gramu 9 zilizoshiba, na pia amepunguza kilokalori 170 kwa siku. Hapo mawese yanaingia kwenye mpaka bila kubadilisha chupa.

Halafu ikatokea ambalo sikulitarajia. Tulipoanza alizeti, lita haikufika siku nne. Ilikaa tatu. Kila aliyeshika mwiko alimimina kwa amani, maana "hii ni ya afya". Gramu 51 kwa kila mtu, kilokalori 460. Mume wangu, ambaye pia ameambiwa apunguze tumbo, alikuwa anakula zaidi kuliko zamani kwa jina la tiba.

Kama utachukua kitu kimoja kutoka kwangu, chukua kalamu. Andika tarehe ubavuni mwa chupa siku unayoifungua.

Mama mkwe ana hoja yake, na sijaipuuza: wazee wa Ujiji wamekula mawese vizazi na vizazi. Ni kweli. Lakini anapokumbuka vizuri, anasema mwenyewe kwamba mawese yalikuwa ya kiganja, yakitiwa kwenye maharage ya ukoo mzima, na marehemu baba mkwe alikwenda shamba na kurudi kwa miguu. Hakula chipsi usiku, wala bodaboda haikuwapo ya kumsogeza hatua mia mbili.

Alizeti na ujanja wake

Kwa mtu ambaye lehemu yake imepanda, alizeti ndiyo mbadala wa wazi: iliyoshiba kidogo, omega-6 nyingi, na vitamini E kwa wingi kuliko karibu mafuta yote ya jikoni. Nimeichagua kwa mboga ya kila siku ya mume wangu, kwa kijiko cha kupima, si kwa kumimina.

Ila ina udhaifu. Zile kona nyingi zilizoifanya isigande ndizo mlango ambao hewa, mwanga na moto huingilia na kuiharibu. Chupa angavu iliyopangwa juani kando ya barabara inachacha kabla hujaifungua. Ikishachacha utaijua kwa harufu kama ya rangi ya kupaka mlango. Iweke kabatini, gizani, na nunua ya mwezi mmoja tu.

Ujanja mwingine ni wa wauzaji. Mara moja nilinunua dumu la "alizeti ya Singida, safi" kwa bei iliyonifurahisha. Asubuhi ya baridi nikakuta robo yake ya chini imekuwa uji wa njano. Alizeti safi haifanyi hivyo kwa baridi ya Kigoma. Alizeti ya mashine ndogo inaweza kuwa na ukungu mwembamba chini ya chupa, na huo ni nta ya ganda la mbegu, haina neno. Uji mzito ni mawese yaliyosafishwa, yameongezwa. Nililipa bei ya mume nikapewa mke mwenza.

Karanga, na kwa nini Waingereza walikuja Urambo

Kwetu Tabora hatukukua na chupa. Mboga iliungwa kwa karanga: kisamvu cha karanga, nsansa ya kunde (majani yake yaliyokaushwa) kwa karanga, uyoga wa masika kwa karanga. Unatwanga, unachekecha, unatia kwenye mboga inayochemka, unakoroga mpaka mafuta yaelee juu yenyewe. Nilipoolewa huku nilifikiri ni umaskini wa kukosa mafuta. Sasa naona ulikuwa ulinganisho ambao bibi zetu walikwisha kuufanya.

Gramu 100 za karanga zina karibu gramu 49 za mafuta, gramu 26 za protini na gramu 8 na zaidi za nyuzinyuzi. Yaani ukitia karanga zilizotwangwa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta mazuri, na umetia pamoja nayo kitoweo na nyuzinyuzi zinazoshibisha. Mafuta ya karanga ya chupa yako katikati ya jedwali: yaliyoshiba machache, kona moja nyingi, kwa hiyo yanavumilia moto kuliko alizeti na ni rafiki wa moyo kuliko mawese. Kasoro yake ni bei, na kwamba huku Kigoma hayapatikani kirahisi.

Watu husahau kwamba historia ya Tabora na mafuta ilishawahi kufika bungeni London. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, wananchi wake wakiyapata kwa mgawo. Mwaka 1947 ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, kwenye maeneo matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo, magharibi ya Tabora. Matrekta yakavunjikia kwenye visiki, mvua ikakataa, udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, mamilioni ya pauni yamezama. Huko Urambo watu wakaendelea kulima karanga kwa jembe la mkono kama walivyokuwa wakilima, na kuziunga kwenye mboga.

Tahadhari moja, na hii si ndogo: sumukuvu. Karanga zilizovunwa zikahifadhiwa kabla hazijakauka huota kuvu wenye sumu inayodhuru ini, na kupika hakuiondoi. Dada yangu huzianika mpaka zinalia zikitikiswa, kisha huchambua moja moja. Iliyosinyaa, yenye madoa au yenye ladha chungu inatupwa. Usinunue karanga ambazo tayari zimesagwa na mtu usiyemjua, maana kwenye unga huwezi kuona zilikuwaje.

Samli, nazi, siagi ya kopo

Hizi nazipita haraka. Samli ya Tabora ni tamu, na kijiko chake kimoja kina gramu 8 hivi zilizoshiba; ni ya wali wa sikukuu. Nazi vilevile, ingawa tui jepesi lina mafuta machache kuliko mafuta ya nazi yenyewe, hivyo usiyahukumu kwa kosa moja. Siagi ya kopo inategemea ilivyotengenezwa. Zamani mafuta ya maji yaligandishwa kwa haidrojeni kwa sehemu, na hapo huzaliwa mafuta ya transi, ambayo hupandisha lehemu mbaya na kushusha nzuri kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito yaondolewe kwenye chakula duniani kote. Soma kopo, likitaja haidrojeni kwa sehemu, lirudishe. Na lebo inayopiga kelele "haina kolesteroli" kwenye mafuta ya mimea haikuambii kitu, sawa na kuuza maji kwa kuandika "hayana mifupa".

Kukaanga ni kesi nyingine

Kwa kitunguu na nyanya, moto ni mdogo na muda ni mfupi, mafuta yoyote yatafaa. Kwa maandazi, mihogo au migebuka ya kukaanga kwenye karai, mambo yanageuka. Mafuta yenye kona nyingi huvunjika upesi kwenye moto mkali wa muda mrefu na kutoa vitu ambavyo mwili haukuviomba. Hapa mawese yaliyosafishwa, au mafuta ya karanga ukiyamudu, ni imara kuliko alizeti. Ndiyo, nimesema mawese. Jirani yangu anayeuza maandazi alipohamia alizeti kwa ajili ya afya ya wateja, akawa anaitumia siku tano mpaka inatoa povu, alikuwa amewaharibia zaidi. Povu lisilotulia, rangi ya lami na moshi wa mapema ni dalili tatu za kumwaga. Mimi karai nalibandika mara moja kwa wiki, si zaidi, na mgebuka siku nyingine nauchoma au naupika kwa nyanya na ndimu.

Na hapo kwa mgebuka ndipo jedwali lote linaishiwa. Alizeti, mawese na karanga, zote hazina omega-3 ya maana. Omega-3 ya kujenga ubongo na kutuliza mishipa iko kwenye samaki, na sisi tuna Ziwa Tanganyika. Dagaa wa Kibirizi wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa, pamoja na migebuka inayowafukuzia, wanaziba pengo ambalo hakuna chupa inayoliziba. Wakitumbukizwa kwenye karai, hunyonya mafuta ya karai, na unakuwa umekula alizeti yenye ladha ya dagaa. Wachemshe, waunge kwa karanga. Huko Tabora mbali na ziwa, dagaa wakavu wa gunia bado wanafaa, mradi hawajachacha.

Parachichi nalo ni mafuta, karibu gramu 15 kwa kila gramu 100, mengi ya kona moja. Msimu wake, linaposhuka kwa wingi kutoka Buhigwe na Kasulu, nampa mume wangu nusu, kisha siku hiyo mboga yake haitiwi mafuta mengine.

Tulivyogawana

Mtoto: mawese mekundu, kijiko cha chai kwenye uji au maharage, yanatiwa mwishoni sufuria ikiwa imeshuka, hayachomwi. Mume wangu: karanga zilizotwangwa mara nne kwa wiki, alizeti ya kijiko siku zinazobaki, mawese siku moja, Ijumaa, kwa sababu maharage ya Ijumaa bila mawese angeyakimbia akale kwa mama ntilie. Kama mgonjwa wenu ana dawa za moyo au kisukari, mgao wake upangwe na anayemtibu, si mimi. Mimi nakula kilichobaki kwenye sufuria yoyote. Karai lina mafuta yake ya kusafishwa, nusu lita kwa mwezi. Kwa jumla tumefika lita moja kwa siku saba, na nane bado sijaipata.

Mama mkwe anaendelea na mawese yake, na sijajaribu kumwondoa. Alipimwa, yuko sawa, anapanda mlima wa Mwanga kila siku kunishinda. Ila juzi nilimkuta jikoni kabla sijaamka. Ameshusha sufuria ya mjukuu, ametia mawese mabichi, anakoroga. Pembeni sufuria nyingine ndogo inachemka, kisamvu, na kopo la Tabora liko wazi.

"Hii ya mwanangu," akasema bila kugeuka, "nimemtia za kwenu. Mwandikie dada yako azianike vizuri, za safari hii zina chungu moja moja."

Nikakaa chini nikaanza kuzichambua.